Pampu Iliyokwisha Kuzinduliwa

Nchi ya Shwarini haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asije mtu akanyanyua simu kumuuliza mwenzake kama inayosemwa ni kwao. Si kwenu. Kwenu mambo yanakwenda vizuri, hongereni. Shwarini iko mbali, watu wake ni wapole na wana adabu, na katika historia yao yote hawajawahi kuwa na tatizo hata moja, maana kila wakilipata hulibadilisha jina.

Huko alikuwapo mhandisi mmoja, Malongo Kisunte, mtu mrefu, mwoga, anayejua kazi yake kiasi cha kutosha kumkosesha usingizi. Alikuwa amehamishwa karibuni kutoka mikoani na kupangwa katika Wizara ya Maji Yaliyotulia na Furaha ya Jamii. Kazi aliyopewa ni kutunza pampu moja, ile ya Bwawa la Heshima, bwawa la kuogelea lililo nyuma ya kasri la Mtukufu Mlezi wa Taifa. Pampu ndiyo iliyopaswa kuyavuta maji, kuyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha bwawani yakiwa safi. Msimcheke Kisunte. Wako watu Shwarini wenye vyeo vikubwa kuliko chake na hawatunzi hata bomba.

Wiki moja kabla ya Sikukuu ya Maji Angavu aliapishwa mbele ya pampu, kama sheria inavyotaka, ndipo akaruhusiwa kubonyeza swichi. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Haikunguruma, haikutetemeka, haikutoa hata ule mguno ambao mota huutoa ikitaka kuzunguka ikashindwa. Akageuka kuyatazama maji. Yalikuwa ya kijani na mazito kama mlenda, na vyura walikwisha kuhamia na ukoo mzima.

Vyura hawakumsumbua. Kilichomkata maini ni bintiye, Mwajabu, mtoto wa darasa la tano, ambaye alikuwa mmoja wa watoto watatu waliochaguliwa kujirusha ndani ya bwawa hilo siku ya sikukuu mbele ya Mtukufu Mlezi. Na nafasi hiyo baba mtu ndiye aliyemtafutia. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya Itifaki mpaka suruali ikang'aa matakoni, akicheka kila mzaha wa karani, ili mwanawe aonekane na wakubwa. Sasa alipiga magoti ukingoni akatumbukiza mkono. Maji yalipofika kwenye kiwiko, hakuviona vidole vyake. Mtoto akizama humo, mwokoaji anayesimama juu hataona hata kivuli. Kisunte alilielewa hilo siku ile ile ya kwanza, na mimi ninayesimulia naomba msije mkamtetea baadaye kwamba hakulielewa.

*

"Mama Mkurugenzi, pampu imeharibika."

Mkurugenzi wa Idara ya Mabwawa, Bi Tabia Ngwandu, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, aliinuka akafunga mlango. Kisha akafunga na madirisha.

"Neno hilo hatulitumii hapa, baba," alisema. "Kitu kilichozinduliwa na Mtukufu Mlezi hakiharibiki. Kinatafakari."

"Basi inatafakari sana. Na maji yameoza."

"Yameiva."

"Mama, humo ndani watoto watajirusha."

"Ndiyo maana tutaunda kamati," alisema Bi Tabia, na uso wake ukakunjuka, maana neno kamati lilikuwa linamfariji kama vile wengine wanavyofarijiwa na dua.

Kamati iliundwa saa hiyo hiyo, ikanywa chai, ikala sambusa, ikaenda kuiangalia pampu kwa macho. Walisimama kwa duara. Mjumbe mmoja aliyesomea falsafa ughaibuni alisema kwamba swichi haina kosa lolote, ila imezoea kuguswa na mkono mkubwa, kwani siku ya uzinduzi aliyeibonyeza ni Mtukufu Mlezi mwenyewe. Huenda inabagua vyeo. Wazo hilo lilipendwa sana. Wakaanza kubonyeza kwa kufuata ngazi, kutoka karani kwenda juu, na kila mmoja baada ya kubonyeza alipisha mkubwa wake huku akiinama na kuomba radhi kwa udogo wa kidole chake. Bi Tabia alibonyeza. Pampu ikaendelea kutafakari. Ikabidi aitwe Waziri.

Mheshimiwa Kapalata, Waziri wa Maji Yaliyotulia, alifika na king'ora. Alikuwa na tumbo la heshima na nishani tatu, moja akiwa ameipata kwa ajili ya pampu hiyo hiyo. Kabla ya kubonyeza alitoa hotuba.

"Pampu yetu mpendwa," alianza, na waandishi wa habari wakainamisha vichwa kuandika. "Maadui wa maendeleo wanasema umenyamaza. Mimi nasema umenyamaza kwa sababu unatusikiliza. Ni pampu gani duniani inayowasikiliza wananchi wake? Wenzetu wana pampu zinazopiga kelele usiku na mchana, hazina adabu. Sisi tunayo pampu yenye nidhamu!"

Alibonyeza. Hapakutokea kitu, na watu wakashangilia kutokutokea huko kwa dakika kadhaa. Taarifa ya habari ya jioni ilisema kwamba Waziri ameridhishwa.

*

Wakubwa walipoondoka Kisunte alibaki, akaanza kuitafuta kasoro kama alivyofundishwa chuoni, hatua kwa hatua. Kuifungua pampu hakuruhusiwa. Kisheria, kufungua mashine iliyozinduliwa ni sawa na kumpasua tumbo aliyeizindua, na adhabu yake ni ile ile. Lakini mfuniko wa kikapu cha kuzuia takataka haukutajwa kwenye sheria, kwa kuwa aliyeitunga hakujua kama upo. Akaufungua. Kikapu kilijaa vipande vya utepe wa uzinduzi, maua ya karatasi na kofia moja ya chama. Akavitoa vyote, akaijaza pampu maji kama inavyotakiwa ili isivute hewa tupu, akahakikisha valvu ziko wazi.

Akabonyeza. Kimya.

Akaenda nyuma ya mota kuizungusha feni kwa kidole, aone kama imekwama. Haikusogea. Akainama vizuri, akaona sababu, na akataka kucheka lakini kicheko hakikutoka. Shwarini wana desturi ya kupaka rangi kitu chochote ambacho mkubwa anakaribia kukitazama. Wanapaka mawe ya barabarani, wanapaka magogo ya miti, na siku moja walimpaka mbuzi aliyechelewa kuondoka. Pampu nayo ilikuwa imepakwa rangi za taifa kila ziara, tabaka juu ya tabaka, mpaka rangi ikaingia kwenye feni na kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka, ikakauka humo. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa sanamu ya pampu, yenye pampu ya kweli ndani yake.

Alirudi nyumbani akachukua kisu cha jikoni, akashinda mchana kutwa akikwangua. Rangi ilitoka vipande vipande. Jua lilipoanza kupungua makali feni ilisogea kidogo, kisha ikazunguka yote kwa ulaini, na Kisunte peke yake pale ukingoni alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, machozi yakimlenga. Akilini alimwona Mwajabu akiruka kwenye maji meupe. Aliona kila kitu kikienda sawa.

Akabonyeza. Kimya kile kile.

Alitoa testa ya kupimia umeme akaiweka kwenye waya zinazoingia kwenye mota. Taa ya testa haikuwaka. Umeme haukuwa unafika. Akaufuata waya kutoka kwenye pampu, ukapita chini ya ukuta, ukaingia kwenye bustani ya maua ya Mke wa Mtukufu. Akafukua udongo kwa mikono. Katikati ya bustani waya ulikwisha. Ncha yake ilikuwa imefungwa vizuri kwa mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni palikuwa na utepe. Hapakuwa na waya mwingine. Haukuwa umekatika, wala haukuwa umeibwa. Tangu pampu iwekwe hapo, haikuwahi kuunganishwa na umeme hata siku moja.

"Sasa umeona," alisema Bi Tabia Ngwandu. Alikuwa amesimama nyuma yake, hata hakumsikia akija.

"Mama, hii pampu haijawahi kuwaka!"

"Kuunganisha umeme kulikuwa awamu ya pili."

"Na awamu ya pili ikawaje?"

"Ilizinduliwa. Tulikata keki."

"Lakini watu wanasema siku ya uzinduzi waliisikia ikinguruma."

"Spika. Tulirekodi pampu ya hoteli moja. Mtukufu Mlezi aliipenda sana ile sauti, alisema inamkumbusha ujana wake."

Kisunte alisimama na udongo mikononi. "Kilichopungua si kikubwa. Ni kipande cha waya tu kutoka hapa mpaka pale kwenye ukuta wa kasri wenye umeme. Nipeni waya, kesho maji yataanza kuzunguka."

Bi Tabia alimtazama kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyomtisha Kisunte kuliko hasira ambayo angeweza kuionyesha. "Ukiomba waya, utaulizwa wa nini. Ukisema wa kuunganisha pampu, utakuwa umesema kwamba haikuunganishwa. Mimi kwa ripoti ya pampu hii nilipanda cheo. Waziri alivishwa nishani. Aliyekutangulia wewe ni balozi sasa. Na wewe nyumba unayolala na familia yako umepewa kama mtunza pampu, hukupewa kama mtu aliyekuta hakuna pampu. Fukia, baba. Fukia na upande ua."

Alifukia. Alijiambia kwamba atatafuta waya mwenyewe dukani, arudi alfajiri amalize kimyakimya. Lakini alfajiri alikuta askari wawili wamesimama kila upande wa pampu, bunduki begani, na bango jipya lililosema kwamba kuanzia leo pampu inalindwa kwa heshima. Askari mmoja alimwamuru arudi nyuma. Rangi nyingine mbichi ilikuwa ikimeremeta kwenye feni.

*

Njia iliyobaki ilikuwa kumtoa mtoto. Akaenda kwa Mkuu wa Itifaki, Bwana Luteganya, mtu mkavu, mwenye kucha zilizong'arishwa, ambaye inasemekana hata kwake hula baada ya kutangazwa.

"Shikamoo, Mkuu. Nimekuja kuhusu mwanangu, Mwajabu. Nilikuwa naomba, kama inawezekana, nafasi yake apewe mwingine."

"Apewe nani?"

Kisunte hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amemfikiria wake tu, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mtu alilia kwenye benchi langu ili mtoto aingie," alisema Luteganya. "Sasa analia ili atoke. Maji yana nini?"

Karani aliyekuwa pembeni aliacha kuandika.

"Nimekuuliza, Injinia. Wewe ndiye mtunza pampu. Maji yana nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limekwisha kutafunwa, bado kutemwa tu. Kisunte aliifikiria nyumba, akamfikiria mkewe ambaye ndiyo kwanza ameweka mapazia, akaufikiria mkoa alikotoka, ambako kulikuwa na vumbi na mkuu wa wilaya aliyempiga kofi mbele ya watu.

"Maji hayana neno, Mkuu."

"Basi na mtoto hana neno. Mazoezi yanaendelea."

Mazoezi yenyewe yalifanyika kwenye ukumbi wa shule, juu ya magodoro, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa maji kabla ya macho ya Mtukufu. Watoto waliruka kutoka mezani, wakaogelea juu ya godoro kwa kupunga mikono, huku mwalimu akihesabu. Mwajabu alijua kuogelea kweli, alijifunza ziwani kwa shangazi yake, na alirudi nyumbani akiwa na michubuko ya magotini na furaha tele.

"Baba, utakuwa karibu nami nikiruka?"

"Nitakuwa karibu."

Mama mtu, ambaye alikuwa ameambiwa kila kitu chumbani, alisema kwa sauti ya chini, "Waambie ana homa. Kwani homa inaomba kibali?" Wakamfunika Mwajabu blanketi, wakapeleka taarifa kwamba anaumwa. Lakini jioni hiyo alikuja daktari wa serikali, akampima, akatangaza kwamba watoto waliochaguliwa hawaugui katika juma la sikukuu, na kwamba mzazi akijaribu tena atapimwa yeye. Mama mtu alikunja blanketi. Tangu hapo hakumsemesha mumewe.

*

Siku ya sikukuu maji yalikuwa ya bluu. Wizara ilikuwa imemwaga humo magunia ya bluu ya kufulia nguo nyeupe, ikaleta na vijana wenye neti kuwakamata vyura. Ukiyatazama kutoka jukwaani yalikuwa yanapendeza kupita kiasi. Ukiyatazama kutoka ukingoni, alipokuwa amesimama Kisunte na suti yake ya kuazima, ulikuwa kama unatazama ukuta.

Mtukufu Mlezi wa Taifa aliketi chini ya hema, mzee mdogo ndani ya kiti kikubwa. Waziri Kapalata aliinua mkono, na kutoka kwenye spika zilizofichwa kwenye maua pakatoka ngurumo ya pampu, safi, nzito, ya kizalendo. Maji hayakutikisika hata kwa mkunjo mmoja. Watu elfu walisimama kushangilia.

"Sikilizeni moyo wa taifa!" alipiga kelele mshereheshaji. "Na sasa, watoto wetu!"

Walikuja watatu, kila mmoja amefungwa joho refu la rangi za taifa shingoni, kwa kuwa Itifaki iliona mtoto aliyevaa nguo ya kuogelea peke yake haonyeshi uzalendo wa kutosha. Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Mwajabu alimtafuta baba yake kwa macho, akampata, akatabasamu. Wakaruka.

Aliibuka mtoto wa kwanza. Akaibuka wa pili. Maji yakajifunga.

Kisunte alingoja Mwajabu aibuke. Alimtazama mwokoaji kwenye kiti chake kirefu, naye alikuwa amesimama wima, mkono kwenye kipaji cha uso, kwa sababu wimbo wa taifa ulikuwa haujaisha na sheria inasema asiyesimama wima ni msaliti. Beti bado zilikuwa nyingi. Watu wa jukwaani walikuwa wanawatazama wale wawili walioibuka na kuona kwamba wawili wanatosha. Nyuma, kwenye viti vya mbao, mwanamke mmoja alipiga ukelele. Kisunte aliijua sauti hiyo, akajirusha na suti yake yote.

"Ameshindwa kuvumilia!" alipaza mshereheshaji, akikatisha bendi. "Mhandisi wetu ameshindwa kuizuia furaha yake! Ameruka na tai shingoni! Huo ndio uzalendo!"

Waziri Kapalata alisikia, akatazama upande wa hema, akaona Mtukufu anatabasamu. Waziri hawezi kushindwa kwa furaha na mtunza pampu. Akaruka na nishani zake. Mkurugenzi Ngwandu akaruka, kamati nzima ikaruka, wakuu wa idara wakasukumana wakigombea nani aruke mapema, na huko chini Kisunte, macho wazi ndani ya bluu bila kuona kitu, alianza kupigwa mateke ya kichwa na viatu vya serikali.

Alipapasa. Akashika mguu, ulikuwa wa mtu mzima, una soksi. Akashika sakafu yenye utelezi. Akashika chuma, kiti cha kukunja kilichotumbukia katika sherehe fulani ya zamani na ambacho hakuna aliyeweza kukiona tena, na kwenye kiti palikuwa na kitambaa kimejiviringa, na kwenye kitambaa shingo ndogo. Alivuta, kitambaa kikakataa. Alikitatua kwa meno. Akamkumbatia mtoto, akawapandia wajumbe wa kamati kama ngazi, akatoka.

Alimlaza ukingoni, akamgeuza, akamkandamiza mgongo. Hakuna kitu. Akamkandamiza tena, huku akisema maneno ambayo hata yeye hakuyasikia. Kisha Mwajabu akakohoa, akatapika maji ya bluu, akavuta pumzi kwa mlio mkali, akaanza kulia. Kisunte alimwinua akambana kifuani, na kwa muda huo mfupi hakuwa mtumishi wa mtu yeyote.

Kelele zilikoma. Aliponyanyua uso, Mtukufu Mlezi alikuwa amesimama mbele yake na kipaza sauti. Alikuwa ameshuka mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akiwa karibu hivyo, macho yake yalikuwa ya mzee wa kawaida, yenye udadisi kidogo. Aliyatazama maji, akamtazama mtoto, akayatazama maji tena.

"Mhandisi," aliuliza, na sauti yake ikasambaa uwanja mzima. "Pampu yangu inafanya kazi?"

Ndani ya bwawa Waziri alikuwa ameshika ngazi, nishani zikimchuruzika rangi, anamtazama Kisunte bila kupepesa. Bi Tabia alikuwa amefumba macho. Mkewe Kisunte alikuwa amevuka kamba ya askari na anakuja mbio, viatu mkononi. Mwajabu alikuwa anatetemeka shingoni mwake. Ngurumo bado ilikuwa inatoka kwenye maua.

"Inafanya kazi, Mtukufu," alisema Kisunte. "Inafanya kazi vizuri sana."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akawageukia wananchi, akatangaza kwamba furaha aliyoiona leo haifai kuwa ya watoto watatu peke yao. Kuanzia Jumatatu, shule zote za mji zitaletwa hapa kwa zamu, darasa baada ya darasa, kuogelea katika Bwawa la Heshima.

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Waliokuwa majini walipiga makofi, mwokoaji alipiga makofi juu ya kiti chake. Kamera iligeuka kumtafuta mhandisi, na Bwana Luteganya, aliyekuwa nyuma yake, alimgusa bega taratibu kumkumbusha. Kisunte alikuwa hana mkono ulio huru. Basi akamweka mtoto chini kwenye vigae vilivyolowa, akasimama wima, naye akapiga makofi.

Mwajabu alimtazama baba yake kutoka pale chini. Kisha akageukia upande mwingine, akatapika tena.